Maji Yaliyomwagika Hayazoleki: Kwa Nini Wakati Hauendi Nyuma



Wapendwa wasomaji wetu, wahenga walisema kwamba maji yaliyomwagika hayazoleki. Methali hiyo tunaitumia pale mtu anapojutia neno alilolitamka au mali aliyoipoteza, nasi huitamka kana kwamba ni jambo lisilohitaji maelezo. Lakini tukitulia na kujiuliza, kwa nini hasa maji hayo hayazoleki? Ni kanuni ipi ya maumbile inayoyazuia yasijikusanye na kurudi mtungini? Tafakari yetu ya juma hili inahusu swali hilo. Wanafizikia wamelihangaikia kwa muda wa karne moja na nusu, na jibu lake linatugusa sisi waamini katika mambo mazito: namna tunavyowafariji wafiwa, namna tunavyoitetea imani, na namna tunavyoielewa toba.

Tunapenda kutamka msimamo wetu mapema ili msomaji ajue tunakoelekea. Tunaona kwamba mwelekeo wa wakati ni jambo la kweli, wala si ndoto ya akili zetu. Tunaona pia kwamba elimu inayoueleza inastahili kusomwa kwa ukamilifu, na kwamba tunaikosea sana pale tunapoinyakua nusunusu ili itupatie hoja ya haraka.

Tuanze na fumbo lenyewe. Mwaka 1687 Isaac Newton alitoa kitabu chake kikuu, ambamo alieleza jinsi vitu vinavyokwenda na jinsi vinavyovutana. Sheria zake zina sifa moja ya ajabu: hazibagui kati ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Tuseme tumepiga picha za sinema za gololi mbili zinazogongana na kuachana, kisha tukaziendesha picha hizo kinyumenyume. Mtazamaji hatatambua kosa lolote, kwa maana mwendo huo wa kinyume nao unazitii sheria zilezile. Ndivyo ilivyo kwa mwezi unaoizunguka dunia. Ndivyo ilivyo pia kwa sheria za umeme na sumaku alizoziandika James Clerk Maxwell katika miaka ya 1860, na kwa mlinganyo wa Erwin Schrödinger wa mwaka 1926 unaotawala mwendo wa chembe ndogo kabisa. Katika ngazi hiyo ya msingi, maumbile yanaelekea kutojali kama saa inakwenda mbele au nyuma.

Hata hivyo, maisha yetu yote yanashuhudia kinyume. Moshi wa ubani hutoka katika chetezo ukatapakaa kanisa zima, wala hakuna aliyewahi kuuona ukijikusanya toka kila pembe na kurudi juu ya makaa. Sukari hukorogeka katika chai, lakini haikorogeki ikatoka. Mshumaa huyeyuka, chungu huvunjika, mwili huzeeka. Picha za sinema za mambo haya zikiendeshwa kinyumenyume, hata mtoto mdogo atacheka. Basi, ikiwa kila chembe ya moshi inatii sheria zisizojua mbele wala nyuma, moshi mzima umejifunza wapi kutorudi?

Hapa lazima tutaje ubaguzi mmoja, tusije tukasema uongo kwa kutaka urahisi. Mwaka 1964 James Cronin na Val Fitch, wakifanya kazi Brookhaven nchini Marekani, waligundua kwamba chembe fulani ziitwazo kaoni zinavunja ulinganifu ambao wataalamu waliudhani haukosi. Kutokana na hilo ilionekana kwamba nguvu moja ya maumbile, ile iitwayo nguvu dhaifu, inabagua kidogo mwelekeo wa wakati. Wataalamu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Lakini ubaguzi huo ni mdogo mno na ni wa nadra. Si huo unaopoza chai yetu, wala si huo unaotuotesha mvi. Sababu yapasa itafutwe kwingine.

Ilianza kutafutwa karibu na majiko ya injini za mvuke. Mwaka 1824 kijana Mfaransa, Sadi Carnot, aliandika juu ya kiasi cha kazi kinachoweza kupatikana kutokana na joto. Mjerumani Rudolf Clausius aliendeleza wazo hilo kuanzia mwaka 1850, akaona kwamba joto kwa lenyewe hutoka penye joto kwenda penye baridi, na kamwe haligeuki likaenda kinyume pasipo kusukumwa. Mwaka 1865 alikipa jina kipimo cha badiliko hilo: entropia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mageuko. Kanuni aliyoitangaza, ambayo leo twaiita Kanuni ya Pili ya elimu ya joto, yasema kwamba katika mfumo uliofungwa, usiopokea wala kutoa kitu, entropia haipungui. Hii ndiyo sheria kuu ya fizikia ambayo waziwazi inatofautisha jana na kesho. Ndiyo maana Arthur Eddington, mnajimu wa Uingereza, katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh mwaka 1927, aliupa mwelekeo huu jina ambalo limedumu hadi leo: mshale wa wakati.

Lakini entropia ni nini hasa? Aliyetufumbulia zaidi ni Ludwig Boltzmann wa Vienna, hasa katika maandishi yake ya mwaka 1872 na 1877. Alisema kwamba tuhesabu njia. Chukua debe, tandika mahindi makavu chini na maharage juu, kisha ulitikise. Baada ya muda mfupi punje zote zimechanganyika, nawe waweza kutikisa hadi jioni bila kuyaona mahindi yakirudi chini na maharage juu. Hakuna sheria inayoikataza punje yoyote kurudi ilikotoka. Ni kwamba namna za kuchanganyika ni nyingi kupita kiasi, na namna za kutengana ni chache mno.

Tuthibitishe kwa sarafu. Ukirusha sarafu 10, matokeo yote yanayowezekana ni 1,024. Kati ya hayo, ni moja tu ambalo sarafu zote zinaonyesha kichwa, bali 252 yanatoa vichwa vitano na migongo mitano. Ukirusha sarafu 100, njia ya kupata vichwa vyote bado ni moja, lakini njia za kupata nusu kwa nusu zinakaribia namba 1 ikifuatiwa na sifuri 29. Sasa kumbuka kwamba gramu 18 za maji, kiasi cha kijiko kikubwa kimoja na ziada kidogo, zina molekuli zipatazo 6 ikifuatiwa na sifuri 23. Kwa wingi wa namna hiyo, neno "haiwezekani" na maneno "haielekei kutokea kamwe" yanakuwa na maana ileile kwetu. Maji yaliyomwagika hayazoleki kwa sababu njia za kutapakaa ni nyingi hata kuzimeza njia chache za kurudi mtungini. Entropia ni kipimo cha wingi huo wa njia, na wazo hilo limechongwa katika mfumo mfupi wa hesabu juu ya kaburi la Boltzmann huko Vienna.

Boltzmann hakupokelewa kwa shangwe. Wengi wa wakati wake hawakukubali hata kwamba atomu zipo. Alisumbuliwa pia na huzuni kubwa ya moyo, akajiua mwezi Septemba 1906 huko Duino, karibu na Trieste. Tunataja jambo hilo kwa heshima, kwa kuwa ni vema tukumbuke kwamba mawazo haya yalibebwa na wanadamu wenye mizigo yao.

Lakini pingamizi moja dhidi yake lilikuwa la haki, na ndilo lililoitegua hoja kwa miaka mingi. Mwaka 1876 rafiki yake Josef Loschmidt aliuliza: ikiwa sheria za atomu hazijui mbele wala nyuma, hesabu ya njia nayo itajuaje? Tufikirie kikombe chenye barafu iliyoyeyuka nusu. Hesabu ya Boltzmann yatuambia kwamba baada ya saa moja barafu itakuwa imeyeyuka zaidi, kwa kuwa hali hiyo ina njia nyingi zaidi. Sawa. Lakini tukiielekeza hesabu hiyohiyo nyuma, yatuambia kwamba saa moja iliyopita nako barafu yaelekea ilikuwa imeyeyuka zaidi! Nasi tunajua kwamba haikuwa hivyo. Saa moja iliyopita ilikuwa pande zima lililotoka kwenye friji. Kwa hiyo hesabu ya njia peke yake haitoshi kuelekeza mshale. Lazima tuongeze jambo moja: kwamba huko nyuma hali ilianza ikiwa na entropia ndogo.

Na hiyo entropia ndogo ya barafu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye friji, friji ikaipata kutoka kwenye umeme, umeme kutoka kwenye maji ya bwawa au mafuta, na hivyo vyote vikaipata kutoka kwenye jua. Jua nalo lilitokana na wingu la gesi lililojikusanya kwa nguvu ya uvutano. Tukifuata mnyororo huo hatua kwa hatua, tunafika mwanzoni kabisa mwa ulimwengu tunaoujua, yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita. Ndivyo fizikia ya leo inavyojibu swali letu: wakati una mwelekeo kwa sababu ulimwengu ulianza katika hali ya entropia ndogo ajabu, na tangu hapo umekuwa ukishuka mteremko huo. Kila chungu kinachovunjika leo kinatoa ushuhuda wa mbali juu ya siku ya kwanza.

Msomaji makini atauliza: je, mwanzo haukuwa moto mkali, na gesi iliyotapakaa sawasawa kila mahali? Si hiyo ndiyo hali ya kuchanganyika? Swali ni zuri. Mnururisho hafifu unaojaza anga lote, uliogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson na kutangazwa mwaka 1965, waonyesha kwamba ulimwengu mchanga ulikuwa na usawa mkubwa, tofauti zake zikiwa kiasi cha sehemu moja katika 100,000. Lakini tusiisahau nguvu ya uvutano. Ubani huelekea kutapakaa kwa kuwa uvutano kati ya chembe zake ni kama haupo. Maada ya ulimwengu mzima ni kinyume chake: uvutano huielekeza kujikusanya iwe nyota, galaksi, na hatimaye mashimo meusi. Kwa maada ya namna hiyo, kutandazwa sawasawa ndiyo hali adimu. Mwanahisabati Roger Penrose alijaribu kukadiria jinsi ilivyo adimu, akafika kwenye namba kubwa kiasi kwamba sifuri zake zisingeandikika hata kama tungeweka moja juu ya kila atomu ya ulimwengu unaoonekana. Kwa nini mwanzo ulikuwa hivyo? Mapendekezo yako mengi, na wanafizikia hawajaafikiana.

Wapendwa, hapo ndipo elimu hii inapofika. Sasa tuseme yale tunayoyaona kuwa matumizi yake mabaya miongoni mwetu.

La kwanza ni kusema kwamba sayansi imethibitisha kuwa wakati ni kiini macho. Watu huitaja barua ya Albert Einstein ya mwezi Machi 1955, aliyowaandikia jamaa za rafiki yake wa ujanani, Michele Besso, aliyekuwa amefariki. Humo aliwafariji kwa wazo kwamba, kwa mwanafizikia, mpaka kati ya yaliyopita na yajayo si wa kweli kama unavyoonekana. Einstein mwenyewe alifariki mwezi uliofuata. Tunaiheshimu huzuni iliyoiandika barua ile. Lakini nadharia yake yenyewe haifuti utangulizi na ufuatano. Inachofundisha ni kwamba watu wawili wanaokwenda kwa kasi tofauti waweza kutokubaliana ni matukio yapi ya mbali yametokea kwa wakati mmoja. Ila pale tukio moja linapokuwa chanzo cha jingine, watazamaji wote, kwa kasi yoyote ile, watakubaliana lipi lilitangulia. Mtoto hazaliwi kabla ya mamaye katika hesabu ya yeyote.

Kwa hiyo tusimwendee mjane na kumwambia kwamba kuondoka kwa mumewe ni jambo la mtazamo tu. Alichokipoteza amekipoteza kweli, na machozi yake yanasema ukweli juu ya maumbile. Bwana wetu mwenyewe, aliyejua atakalolifanya muda mfupi baadaye, alilia kaburini kwa Lazaro. Tena tumaini letu la ufufuko halikuwa kamwe tumaini la kuirudisha sinema nyuma. Aliyefufuka alitokea akiwa na madonda mikononi na ubavuni. Ijumaa Kuu haikufutwa. Ilichukuliwa ikaingizwa katika uzima mpya.

La pili ni kuitumia Kanuni ya Pili kama rungu dhidi ya elimu ya viumbe. Tumesikia ikihubiriwa, hata na watu wema, kwamba kwa kuwa kila kitu huelekea kuharibika, basi viumbe hai visingeweza kamwe kutokea wala kuendelea hatua kwa hatua pasipo kuivunja sheria hiyo. Hoja hii haisimami. Kanuni inahusu mfumo uliofungwa, nayo dunia haijafungwa. Kutoka kwenye jua, ambalo uso wake una joto la kiasi cha kelvini 5,800, tunapokea nuru, na usiku na mchana dunia inairudisha nishati ileile angani ikiwa joto lisiloonekana kwa macho. Kwa kila fotoni moja tunayopokea, tunarudisha kiasi cha 20 zilizo dhaifu zaidi. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wa uhai. Punje ya mahindi inapoota na kuzaa gunzi, inapanga chembe zake kwa ustadi mkubwa, na deni la mpango huo linalipwa na entropia inayomwagwa angani. Hoja ile ingekuwa kweli, basi ingekataza hata mtoto kukua tumboni. Anayetetea imani kwa hoja inayoanguka mbele ya mwanafunzi wa sekondari anamfanya mwanafunzi yule aidharau imani yenyewe.

La tatu ni gumu zaidi, kwa kuwa linatujaribu sisi tulio wapenda elimu. Ni kuuona mwanzo ule wenye entropia ndogo ajabu na kupaza sauti: tazama, sayansi imemthibitisha Muumba! Jaribu hili si geni. Tarehe 22 Novemba 1951 Baba Mtakatifu Pio XII aliihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Aliitaja kanuni ya entropia na jina la Clausius, akaueleza umri wa ulimwengu kama ulivyokadiriwa siku zile, na akaona kwamba sayansi inaelekea kulishuhudia neno la kwanza la uumbaji. Waamini wengi walifurahi. Padre mmoja hakufurahi: Georges Lemaître wa Ubelgiji.

Huyu alikuwa mtu gani? Alipewa daraja la upadre mwaka 1923, akaenda Cambridge kusoma chini ya Eddington yuleyule wa mshale wa wakati, na mwaka 1927 akaandika kwamba ulimwengu unapanuka. Eddington alipotamka mwaka 1931 kwamba wazo la mwanzo wa maumbile linamchukiza, Lemaître alimjibu kwa barua fupi katika jarida la Nature la tarehe 9 Mei 1931. Alijenga hoja yake juu ya kanuni zilezile tulizozieleza: kadiri ulimwengu unavyoendelea, nishati hugawanyika katika vipande vingi zaidi; basi tukirudi nyuma vipande vinapungua, hadi pengine kufikia kimoja tu. Kabla ya kugawanyika huko, hata maneno "kabla" na "baada" hayangekuwa na maana. Padre huyu basi alikuwa na haki kuliko yeyote ya kusema kwamba amempata Mungu katika hesabu. Alikataa. Alishikilia kwamba nadharia yake ni ya fizikia, na kwamba inamwachia asiyeamini uhuru wa kutoamini. Aliyasema hayo waziwazi katika mkutano wa Solvay huko Brussels mwaka 1958. Naye Pio XII, alipowahutubia wanajimu wa dunia mjini Roma mwezi Septemba 1952, hakuirudia hoja ile. Lemaître aliteuliwa kuwa rais wa Akademia hiyo mwaka 1960, na kabla ya kufariki mwezi Juni 1966 aliletewa habari za ugunduzi wa mnururisho wa anga uliothibitisha mwanzo wa moto.

Nasi tunasimama na Lemaître, na sababu yetu ni ya zamani kuliko fizikia. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo katika wakati. Hilo tunalishika kwa imani. Kuumbwa, kwake, ni kumtegemea Mungu katika kila nukta ya kuwako. Hata ulimwengu usiokuwa na siku ya kwanza ungalihitaji kushikiliwa. Basi imani isijengwe katika pengo la elimu. Kesho mtaalamu mmoja akieleza kwa nini mwanzo ulikuwa na entropia ndogo, je, tutafunga makanisa?

Mtu aweza kutuuliza: kama haithibitishi imani, kanuni hii inatufaa nini? Tunajibu kwamba inatuvua ndoto moja ya hatari, ndoto ya kutendua. Tukiri kwanza kwamba fizikia haifundishi maadili. Entropia si dhambi, na chai inayopoa haijakosa. Lakini kiumbe anayeishi katika ulimwengu wenye mshale hawezi kutenda kana kwamba hakuna mshale. Kila tendo huacha alama, na alama huenea. Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, nyayo za miguu zilizokanyaga majivu ya volkano miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita zingali zinasomeka, lakini hatuna unyayo hata mmoja wa kesho. Hata kufuta kuna gharama: mwaka 1961 Rolf Landauer alionyesha kwamba kuifuta kumbukumbu moja ndogo kabisa ya kompyuta kunalazimu joto fulani limwagwe nje. Anayefuta huacha joto nyuma yake.

Mtakatifu Thoma aliuliza pia kama Mungu mwenyezi aweza kufanya yaliyotokea yasiwe yametokea. Alijibu hapana, kwa kuwa jambo hilo linajipinga lenyewe, na kinachojipinga si kitu hata kiwe kazi ya Mungu. Tulitafakari jibu hilo tunapotoka kitubioni. Kuondolewa dhambi ni kweli, ni kamili, ni zawadi. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1459, yatukumbusha kwamba maondoleo hayatengenezi uharibifu wote uliosababishwa na dhambi. Mwenye kutubu apaswa kufanya awezalo kurekebisha: kurudisha kilichoibiwa, kurejesha heshima ya aliyesingiziwa, kufidia madhara.

Tunasema haya kwa sababu tunaiona methali nyingine ikitumiwa vibaya: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mtu amehamisha mpaka wa shamba la mjane, akaungama, kisha mjane anapolidai shamba anaambiwa kwamba yaliyopita si ndwele. Mwingine amemchafulia jirani jina kwa ujumbe uliosambaa katika simu mia moja, kisha anasema, "Nimeshaomba radhi." Wapendwa, methali ina vipande viwili. Anayeitamka sehemu ya kwanza amejifunga kuitimiza ya pili. Kuganga ni kazi, kunagharimu jasho na fedha, wala hakumpasi aliyedhulumiwa kuigharamia. Mwenye kumwaga maji hawezi kuyazoa, lakini aweza kwenda kisimani mara ya pili, na aende yeye.

Vilevile tusiwaongezee mzigo wale ambao kweli hawana cha kurudisha: aliyemwosha mamaye marehemu kabla hajawahi kumwomba radhi, au aliyemwacha mtoto akakua bila baba na sasa mtoto ni mtu mzima. Kwao hatuna hesabu ya kuwapa. Tunaweza tu kuwaambia kwamba mshale uleule unaowakataza kurudi ndio unaowaachia kesho ambayo bado haijaandikwa, na kwamba mama mwingine na mtoto mwingine wako karibu nao.

Tunawaomba juma hili kila mmoja atafute jambo moja lililovunjika ambalo bado linaweza kutengenezwa, deni, mpaka, au jina la mtu, na alianze kabla ya Dominika ijayo. Kadiri siku zinavyopita alama huenea, na gharama ya kutengeneza inapanda.